Wiki Niliyopita Njia ya Korongoni

Mimi ni mtu wa chai. Kahawa nimeiona tangu utotoni katika mashamba makubwa ya upande wa Oldeani, nimeiona ikiwa mbichi mtini, nimeiona imeanikwa, nimeiona imepakiwa kwenye malori inakwenda zake, na haikunipitia akilini hata siku moja kwamba ni kitu cha kunywewa na mtu kama mimi. Kwa hiyo siku nilipoketi kwenye mgahawa mmoja pale Karatu mjini, mahali ambapo madereva wa watalii huegesha magari yao, nikaagiza kapuchino kwa sauti ileile niliyozoea kuitia mahudhurio darasani, nilijua kabisa kwamba kuna jambo limenipata. Ilikuja na povu. Nikanywa povu, nikangoja nijisikie mtu mpya. Nilichojisikia ni moyo kwenda mbio mpaka saa kumi jioni, na nikarudi nyumbani Mbulumbulu sijui kama nimefurahi au ninaumwa.

Niliandika hivyohivyo kwenye daftari: sijui kama nimefurahi au ninaumwa.

Daftari lilikuwa wazo langu, lakini jambo lenyewe lilitoka kwa binti yangu anayeishi Dodoma. Nilikuwa nimestaafu mwaka mmoja kabla, baada ya miaka thelathini na kitu ya kufundisha darasa la tatu na la nne katika shule ileile, na baba yake alikuwa ameshafariki zamani. Binti alipiga simu kila jioni, na kila jioni aliniuliza nimefanya nini leo, nami nikamjibu kwamba nimekamua, nimepeleka maziwa senta, nimepalilia maharage, nimejilaza mchana kidogo. Siku moja akachoka. Akasema amesikia redioni kwamba mtu akistaafu na kurudia mambo yaleyale kila siku akili inalala, na ikishalala sana haiamki. Akaniomba nijaribu jambo moja jipya kila siku, hata liwe dogo. Nilimwambia kwamba mimi si mtoto wa chekechea, nikaaga kwa ukali. Kisha nikakaa jikoni na kuogopa kweli. Mama yangu mzazi alikufa hajui jina langu, alikuwa ananiita kwa jina la dada yake, na uso wake wa siku zile sijausahau.

Sasa, mwalimu hajui kufanya jambo bila andalio la somo. Nilitoa daftari kubwa la mistari lililobaki kazini, nikachora safu kwa rula: siku, jambo jipya, zana, muda, na safu ya mwisho kulia, tathmini. Miaka yote niliyofundisha, mkuu wa shule alipokagua maandalio yetu alianzia kwenye safu hiyo ya mwisho, na sisi tulishazoea kuandika kwamba somo limeeleweka hata kama nusu ya darasa lilikuwa linasinzia. Niliapa kwamba safari hii sitadanganya. Lilikuwa daftari langu, mkaguzi mimi mwenyewe.

Wiki ya kwanza nilisonga ugali kwa mkono wa kushoto. Ukawa na madonge, nikaula kwa hasira. Wiki ya pili nilinunua suruali kwenye duka la Mzee mmoja wa Kiislamu pale mjini, mtu mpole sana, ambaye alinifungia suruali ile kwa gazeti bila kuniuliza ni ya nani, na nilimshukuru moyoni kwa kutouliza. Niliivaa ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa, nikafagia nayo, nikapika nayo, kisha nikaivua. Tathmini: miguu ina joto, lakini nani ananiona? Wiki ya tatu nilisikiliza mechi nzima ya mpira redioni nikashangilia goli, na baadaye nikagundua ni la timu ya wapinzani. Wiki ya nne ilikuwa ya kahawa. Binti alicheka kwenye simu mpaka akakohoa, na mimi nikafurahi kumsikia akicheka, ingawa ndani nilikuwa najiuliza swali ambalo sikumwambia. Kila nilipojaribu kitu kipya nilitegemea kujua ninakipenda au sikipendi. Sikujua. Ilikuwa kama kuonja chakula wakati una mafua.

Wiki ya tano niliandika neno moja kwenye safu ya jambo jipya, kwa siku zote sita: njia.

Hapa inabidi nimtaje jirani yangu. Mimi humwita Yeyo, yaani mama kwa Kimasai, na yeye huniita Mwalimu kama wanavyoniita wote. Alizaliwa Malambo, kwenye familia ya wafugaji wa mbuzi na ng'ombe, akaolewa huku kwetu na Mwiraqw mmoja mkimya, akajifunza kulima ngano na kuongea Kiiraqw kwa lafudhi ambayo watoto wangu walikuwa wakiigiza wakidhani sisikii. Amenizidi miaka kumi hivi. Shamba lake na langu yamepakana, na yote mawili yanaishia msituni, kwenye ule msitu wa hifadhi ya Ngorongoro ambao usiku unatoa nyati na tembo kama vile nyumba ya jirani inavyotoa kuku. Njia ya kwenda senta inapita mbele ya uwanja wake. Tangu nilipoanza kazi mpaka baada ya kustaafu nimepita hapo kila asubuhi, kwanza na chaki, siku hizi na kidumu cha maziwa, na yeye kila asubuhi yuko nje, ameketi juu ya kigoda anachambua maharage au anaangalia tu barabara.

Hatukuwa tunasalimiana kwa haraka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, kisha akaanza: umeamkaje, na ng'ombe, na yule ndama, na goti lako, na binti wa Dodoma, na mjukuu, na mvua ya huko aliko binti. Nilijibu moja moja, kisha ikawa zamu yangu ya kuuliza. Nikiwa kazini salamu hizo zilinichelewesha gwaride mara nyingi. Watoto wangu wawili wamezaliwa mikononi mwake. Mume wake alipofariki nililala kwake siku nane, na wangu alipofariki akalala kwangu mpaka nikamfukuza kwa utani. Ndiye mtu pekee aliyebaki ambaye ananijua tangu nikiwa na nywele nyeusi.

Yote haya niliyajua siku nilipoandika neno njia. Lakini niliona ni njia tu, ni udongo. Sikumwambia kwa sababu sikuona la kumwambia. Ungemwambiaje mtu wa miaka sabini kwamba hutapita kwake wiki nzima ili akili yako isilale?

Njia mpya ilikuwa ya korongoni. Inashuka nyuma ya zizi langu, inafuata korongo kavu chini ya mikaratusi, kisha inapanda kilima kidogo mahali ambapo zamani palikuwa na dungu letu la kulindia mazao, halafu inatokea senta kwa nyuma, karibu na mashine ya kusaga. Dungu lenyewe halipo, yamebaki mashimo manne ya nguzo. Siku ya kwanza nilifika pale juu nikiwa nahema, nikatua kidumu. Nilikuwa sijasimama hapo kwa miaka mingi. Mashamba yote mawili yalionekana chini yangu kwa pamoja, la kwangu na la Yeyo, na mpaka katikati yake ukiwa mstari mwembamba wa minyaa. Niliangalia la kwangu, nikaangalia la kwake, nikaangalia tena la kwangu. Niliandika kwenye daftari: pazuri, nimepumua vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tano kuandika kitu nilichokuwa na hakika nacho, kwa hiyo kesho yake nikasimama tena palepale, na keshokutwa.

Alhamisi niliporudi kutoka senta nilikuta kigoda na ungo barazani kwangu.

Ungo ulikuwa wangu, nilimwazima Yeyo zamani hata sikumbuki mavuno ya mwaka gani. Ulikuwa umeoshwa na kukaushwa. Kigoda kilikuwa kile anachokalia kila siku, cha miguu mitatu, kilichochongwa na mume wangu. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyeacha ujumbe. Nilisimama pale na kidumu kitupu mkononi, akili imenisimama.

Kwetu huku kitu kilichoazimwa kinapokaa miaka mingi kwa jirani kinakuwa na kazi nyingine. Kinakaa pale kama dhamana kwamba mtarudi kuonana. Kumrudishia mtu ungo wa zamani bila kuombwa, tena umeoshwa, ni kumwambia kwamba biashara kati yenu imekwisha. Nilijipekua. Nilimkosea nini? Nilifikiria kila neno nililosema mwezi ule, nikafikiria ndama wangu aliyeingia kwenye maharage yake, nikafikiria hata ile suruali, labda kuna mtu alichungulia dirishani. Sikupata kitu. Na nisipopata kosa langu mimi huwa nakasirika, ndivyo nilivyo, watoto wa darasa la nne wanalijua hilo vizuri. Nikaona sawa, kama hanitaki na mimi najua kupita njia nyingine. Ijumaa na Jumamosi nilipita korongoni kwa makusudi, nikasimama juu ya kilima mikono kiunoni, nikaangalia mashamba yale mawili mpaka macho yakaniuma.

Jumapili kwenye andalio ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo wa wiki: kukaa benchi jingine. Mimi na Yeyo tunakaa benchi la tatu upande wa kina mama tangu kanisa lilipopauliwa. Siku ile nilikwenda kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na hadi leo sijui kama nilikuwa natii andalio au natii hasira. Nilimwona mgongo tu. Aliweka kitenge chake mahali pangu, kisha baada ya wimbo wa pili akakiondoa. Mzee wa kanisa alinifuata nje akaniuliza kwa upole kama kuna shida ya kifamilia wanayoweza kuiombea. Nikamwambia najaribu mambo mapya. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba ng'ombe wake ameanza kula nyama.

Usiku ule binti alipiga akauliza nimejaribu nini. Nikasema benchi. Akasema, vizuri mama, endelea.

Jumatatu asubuhi nilikuwa zizini namalizia kukamua, jua ndiyo linachomoza juu ya mikaratusi, nikamwona Yeyo anakuja. Anatembea polepole siku hizi, na mkono wa kulia alikuwa na fimbo. Mkono wa kushoto alikuwa ameshika majani mabichi, yale ya kawaida ya pembeni mwa shamba, yamekatwa vizuri na yana umande. Nilijua maana yake. Mtu hawezi kuishi jirani na Mmasai miaka yote hii asijue. Kwao mtu akikunyooshea majani mabichi anakuomba amani, na mwenye utu hayakatai.

Hasira yangu yote ikaniishia mikononi. Nikafikiri masikini, amejuta kurudisha kigoda. Nikafikiri pia kwamba mimi ndiye niliyeshinda, na nikajionea aibu kidogo. Niliweka ndoo chini, nikafuta mikono kwenye khanga, nikayapokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Umepokea," alisema.

"Nimepokea, Yeyo. Kwa ajili ya kigoda tu ndiyo unakuja na majani?"

Alitafuta mahali pa kukaa. Nikamletea kigoda chenyewe, akakiangalia, hakukikalia, akakaa juu ya jiwe ambalo ng'ombe hulambia chumvi.

"Nilikuona penye dungu," alisema. "Siku sita. Unaangalia kwako, unaangalia kwangu. Nikajua umeshahesabu."

Sikuelewa. Nilimwambia nilikuwa napumzika tu, kwamba ile ni njia mpya, kwamba ni mambo ya binti yangu na redio. Alitikisa kichwa. Nadhani hakunisikia, au aliona namficha ili nimrahisishie. Alikuwa ameshaanza safari yake na hakuweza kurudi.

Alinieleza taratibu, macho yake yakiwa kwenye majani niliyoshika. Mwaka wa tembo, wakati binti yangu alikuwa darasa la pili, nyumba zetu mbili zilikuwa zinalinda kwa zamu. Yule wa zamu analala kwenye dungu, na kando ya msitu, mbele ya kila shamba, tulikuwa tumepanga marundo ya kinyesi kikavu cha ng'ombe kilichochanganywa na pilipili. Tembo wakisikika, wa zamu anawasha marundo yote, ya kwake na ya mwenzake, moshi unawawasha pua wanarudi. Siku ile zamu ilikuwa ya kwao. Mume wake alikuwa mnadani, kwa hiyo akapanda yeye, na mtoto mgongoni. Tembo walipotoka alishuka akakimbia akawasha marundo ya upande wake, yote manne. Kisha akafika mpakani. Kiberiti kilikuwa mkononi. Aliona kwamba akiwasha na ya kwetu tembo watasimama katikati wasijue pa kwenda, na moshi wake ukiisha watarudi kwake. Akakaa chini ya minyaa, akambana mtoto asilie, akawaangalia wakiingia kwetu. Asubuhi alituambia walitokea upande wa chini, akachelewa kufika. Nilipoacha kupita kwake nikawa nasimama penye dungu, aliamini nimeshalijua, akarudisha kigoda na ungo kabla sijavidai.

Alimaliza. Ndama alikuwa anapiga kelele za njaa, na mimi nilikuwa nimeshika majani.

Nilitaka kumrudishia. Nasema kweli, wazo la kwanza lililonijia ni kwamba niliyapokea kwa makosa, niliyapokea kwa ajili ya kigoda na ungo, si kwa ajili ya mahindi ya mwaka mzima. Mwanafunzi akijibu swali ambalo hakuulizwa humpi alama. Lakini mikono yangu haikuyaachia. Nilimwambia aende nyumbani, nina kazi. Aliinuka kwa shida, na sikumsaidia, na hilo nalo linaniuma. Alipofika langoni aligeuka akaniambia kwamba hata hivyo nimeshapokea. Hakusema kwa ujanja. Alisema kama mtu anayejihakikishia mwenyewe kwamba mlango umefungwa.

Siku ile maziwa hayakwenda senta. Nilikaa barazani na kile kigoda mbele yangu, nikajaribu kuhesabu, maana kuhesabu ndiko ninakokujua.

Mahindi yaliisha yote, hilo nakumbuka. Mume wangu alitoka asubuhi kwenda kuyaona, akazunguka shamba zima, akarudi akakaa hapahapa nilipokaa. Nililia mimi. Yeye alisema neno moja tu: "Acha nikajaribu Mererani." Akaenda huko kwenye machimbo ya tanzanite, akawa anakwenda na kurudi miaka minne, na mara ya mwisho akarudi na kikohozi ambacho hakikusikia dawa. Miaka yote nimewaambia watu kwamba tembo ndio walionichukulia mume. Ilikuwa rahisi kusema. Tembo hawasalimii asubuhi.

Lakini mume wangu alikuwa mtu wa kujaribu. Kabla ya tembo alishajaribu kupanda pareto watu wote walipokuwa wameiacha, akajaribu nyuki, akajaribu kufuga bata ambao wote waliliwa na nyegere. Mimi ndiye niliyekuwa namcheka. Mererani alishaizungumzia tangu mwaka uliotangulia, nilikuwa namzima. Je, angekwenda hata kama mahindi yangebaki? Nilijibu ndiyo, nikajibu hapana, nikajibu ndiyo tena. Na kulikuwa na jingine lililonizungusha zaidi. Mtu anayezunguka shamba lake asubuhi, kando ya msitu, anaona marundo. Anaona ya jirani ni majivu na ya kwake ni makavu, hayajaguswa. Yeye alikuwa na macho. Mbona hakuniambia? Au aliona asielewe, kama mimi nilivyosimama pale kilimani siku sita nikaandika pazuri?

Na kigoda alikichonga lini? Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniwanga. Alikichonga aliporudi kutoka Mererani likizo ya kwanza, kwenye gogo la mringaringa lililokuwa nyuma ya jiko. Nakumbuka nilimwambia achonge viwili, kimoja cha nyumbani. Alisema gogo halitoshi.

Jioni binti alipiga. Nilitaka kumwambia, neno lilifika mpaka mdomoni. Ni baba yake, ana haki. Lakini Yeyo ndiye aliyempokea alipozaliwa, na kila binti akija kutoka Dodoma anampelekea kitenge kabla hajanifungulia mimi begi. Aliuliza leo nimejaribu nini. Nikasema nimejaribu kukaa bila kwenda popote. Akasema hilo halihesabiki, mama.

Siku mbili sikutoka. Nilimpa mpita njia mmoja maziwa anifikishie. Nilimchukia Yeyo asubuhi, na mchana nikamkumbuka amekaa chini ya minyaa na mtoto mgongoni, mwanamke peke yake gizani, mume hayupo, na tembo. Ningewasha mimi? Ningependa kuandika hapa kwamba ningewasha. Nina watoto, nao walikuwa wadogo, na mahindi yale yalikuwa chakula cha mwaka. Nimefundisha watoto kusema kweli kwa miaka thelathini na kitu, na sijui.

Majani yalikuwa yamenyauka juu ya meza. Sikuyatupa. Sikujua kama kuna utaratibu wa kuyatupa.

Siku ya tatu nilikamua mapema, nikajaza kidumu, nikasimama nyuma ya nyumba mahali njia zinapoachana. Ya korongoni ilikuwa imeshanizoea, ina nyayo zangu. Ya zamani ilikuwa imeanza kuota majani katikati kwa siku kumi tu hizo. Nilirudi ndani nikachukua kigoda. Ungo niliuacha pale ulipo. Nilifikiria kuuchukua, nikafika nao mlangoni, nikaurudisha ukutani. Siwezi kueleza kwa nini kimoja ndiyo na kingine hapana, isipokuwa kwamba ungo ulikuwa wangu na kigoda hakikuwahi kuwa changu.

Yeyo alikuwa uwanjani kwake, amekaa juu ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa, miguu imepanda juu kama ya panzi. Aliponiona hakuinuka. Niliweka kigoda mbele yake.

"Shikamoo, Yeyo."

"Marahaba, Mwalimu." Sauti ilikuwa ndogo. Kisha akaanza, kwa sababu hakuna mwingine wa kuanza: nimeamkaje, na ng'ombe, na ndama, na goti, na binti, na mjukuu, na mvua ya Dodoma. Nikamjibu moja moja. Goti lilikuwa baya, nikamwambia ni baya. Nikamwuliza na mimi, mguu, mbuzi, kifua chake wakati wa baridi. Mambo yaleyale ninayouliza tangu nikiwa na nywele nyeusi, na kila moja lilikuwa zito mdomoni kama neno la lugha ngeni. Katika wiki zote zile za povu la kahawa na suruali, sikuwahi kufanya jambo jipya kiasi kile.

Salamu zilipoisha nikamwuliza swali langu: mume wangu alijua?

Alihama kutoka kwenye ndoo akakalia kigoda. Alikaa kwanza vizuri, akapitisha kiganja kwenye ukingo wake uliong'aa kwa kukaliwa.

"Hakuniuliza," alisema. "Alinichongea kigoda."

Hakuwa na zaidi. Miaka yote ile na yeye amekikalia bila kujua amekalia nini, kama ni zawadi ya mtu asiyejua au ya mtu aliyejua na akaamua, na kila asubuhi nilipopita alikuwa ananisalimia kutoka juu yake. Nilimhurumia mpaka nikashangaa. Nilimkasirikia pia, kwa wakati mmoja, na hakuna hisia iliyoiondoa nyingine. Nilimkasirikia mume wangu zaidi, kwamba alikufa na jibu.

Nilibeba kidumu changu. Yeyo aliniuliza kama nitapita kesho. Nilimwambia kwamba sijui, na nilikuwa simtanii.

Jioni nilifungua daftari. Chini ya siku ile niliandika jambo jipya: njia ya zamani. Zana: kigoda. Muda: dakika arobaini. Nilikaa muda mrefu mbele ya safu ya mwisho, nikakumbuka nilivyoapa. Kisha nikaandika kama nilivyokuwa nikiandika mara chache sana kazini, zile siku ambazo niliogopa mkaguzi kuliko aibu: somo halikueleweka, lirudiwe.

Nimelirudia kila asubuhi tangu hapo. Safu ile inasema vilevile mpaka leo.